Bado, Mko Wangapi?

Ndani ya boti Bado,
Meza ya kukunja, upande wa dirisha.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Dada yangu,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi mengi. U hali gani? Natumaini miguu imeacha kuvimba, maana katika barua yako ya mwisho ulisema wodini mnasimama tangu asubuhi mpaka mkuu wa wodi achoke, na kwamba yeye hachoki. Je, unakula? Usinijibu kama ulivyokuwa ukimjibu Bibi, unasema umeshiba na sahani umeificha nyuma ya mlango. Mimi nijibu kweli.

Mimi sijambo. Midomo imekauka kwa upepo wa chumvi na viganja vimeota sugu kwa kamba, lakini ni mzima. Kichefuchefu cha bahari kilinikamata siku za mwanzo, sasa kinanijia asubuhi tu, tena kwa adabu. Baba Mdogo na Mama Mdogo nao ni wazima na wanakusalimu.

Kabla ya habari nyingine, nianze na ile namba. Najua Jumanne ulikuta kwenye simu yako namba usiyoijua, na nadhani ulipoipigia alipokea mwanamume mwenye duka akakuambia kuna msichana alipita. Msichana huyo ni mimi. Nilipiga ili nikuambie lile neno tulilokubaliana. Hukupokea, bila shaka ulikuwa kazini. Sasa kila nikikumbuka naogopa kwamba umekwisha kukisia, na kwamba umeanza kufunga sanduku. Dada, tafadhali usilifunge kabla hujamaliza kusoma barua hii. Na kama umekwisha kulifunga, likalie usome.

Sijasahau maneno yako pale kituo cha mabasi, siku ile tulipotawanyika baada ya kumzika Bibi. Ulinishika mabega ukasema kwamba nikiona siwezi kukaa kwa Baba Mdogo, nikupigie nikuambie "njoo" tu, basi. Utaacha mafunzo ya uuguzi, utafute kazi yoyote na chumba chochote, uje unichukue. Nilikuwa nimeliweka neno hilo mfukoni kama ufunguo wa akiba. Nataka kukueleza kwa nini Jumanne niliutoa ufunguo, na ilikuwaje baada ya hapo.

Unawajua Baba Mdogo na Mama Mdogo kama nilivyowajua mimi zamani, yaani watu wanaokuja msibani, wanakaa nyuma, wanaosha vyombo bila kuombwa, na wanaondoka kabla hujajua useme nao nini. Nyumbani kwao pia ni hivyo. Baba Mdogo anatengeneza injini za boti, na anaongea na injini kuliko anavyoongea na watu. Mama Mdogo anashona maturubai ya boti na mito ya viti, na mdomoni huwa ana pini, kwa hiyo hawezi kuongea hata akitaka. Si wakali. Hawajaninyima kitu. Lakini ndani ya nyumba ile, Dada, saa ya ukutani ndiyo yenye maneno mengi.

Kila mwaka kazi zinapopungua, wao wawili hufunga karakana na kusafiri kando ya pwani kwa boti yao, mji hadi mji, pamoja na marafiki wenye boti zao. Mwaka huu safari imeangukia likizo yangu, nami nikachukuliwa. Boti inaitwa Bado. Baba Mdogo aliikuta imetupwa, imeota mwani mpaka ndani, akaifufua polepole kwa miaka. Nilidhani ndiyo sababu ya jina hilo, kwamba watu walikuwa wanamuuliza kama imekamilika naye anajibu bado. Hata hilo nitakueleza, nilikuwa nimekosea.

Tuko boti tatu. Ya mbele ni ya Mkunga, mama mstaafu aliyezalisha nusu ya mji wao, na ndiye kiongozi wa msafara. Mume wake alikuwa dereva wa treni. Yeye hupika na kutii, na husema kila siku kwamba bahari ingekuwa nzuri sana kama wangeiwekea reli. Sisi tunakaa katikati. Nyuma yetu ni Kinyozi, mjane, peke yake katika kiboti chepesi alichokipa jina Wembe. Huyo anaongea. Hata akiwa mbali tunauona mdomo wake ukicheza, na hakuna mtu mwingine humo ndani.

Wote ni watu wazima wanaojuana tangu zamani. Tukifunga boti pamoja mchana, ubavu kwa ubavu, wanacheka mambo ya safari za nyuma, mtu anataja tu neno kama "ndoo" na wote wanashika mbavu. Mimi nacheka pia kwa heshima. Kisha nashuka chini kusoma kitabu changu cha sayansi, ukurasa uleule.

Boti yetu ilitengenezwa kwa ajili ya watu wawili. Viti viwili, kulabu mbili za kutundikia majaketi ya kuelea, vikombe viwili. Mimi nilikuwa nakunywa chai kwa kifuniko cha chupa ya chai. Nalala juu ya meza hii hii ninayoandikia, ikishakunjuliwa kuwa kitanda, kwa hiyo siwezi kulala mpaka wakubwa wamalize kula. Mama Mdogo alinishonea pazia la buluu ili niwe na chumba. Akiandaa mkate huukata vipande viwili, kisha ananitazama, kisha anakikata chake nusu. Hakuacha kufanya hivyo siku hata moja. Nilikuwa nakula nusu ile huku nikijisikia mwizi.

Unaikumbuka methali ya Bibi, kwamba kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani? Shuleni niliiandika kwenye insha nikapata alama zote, na wala sikujua ngama ni nini. Sasa najua. Ni kule chini kabisa ya boti ambako maji yote yaliyovuja hukusanyika, yananuka mafuta, na kazi yangu kila asubuhi ni kuyachota kwa kopo. Kazi hiyo sikuichukia. Methali nyingine ya Bibi inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilipopewa kopo nilifurahi moyoni, nikasema basi, ugeni umekwisha.

Lakini kuna desturi moja katika msafara huu. Kabla boti hazijang'oa nanga, na kila tunapoondoka gati lolote, Mkunga hushika redio ya mawasiliano na kuita boti moja moja. Anauliza, "Mko wangapi?" Huwezi kuondoka kabla hujajibu. Kinyozi hujibu, "Mmoja, na kelele zake." Mkunga hujijibu mwenyewe, "Wawili, mmoja anakoroma." Na sisi tukiitwa, Baba Mdogo husema, "Wawili, salama."

Asubuhi ya kwanza nilikuwa chini na kopo langu, nikasikia. Nilidhani ameteleza ulimi. Asubuhi ya pili akasema wawili, salama. Na ya tatu. Mama Mdogo wakati huo huwa omo, mbele kabisa ya boti, anavuta nanga, na injini inanguruma, hasikii kitu. Mkunga naye ananijua, ananipa hata ndizi, lakini jibu lile amelisikia miaka mingi kiasi kwamba sikio lake halilisikilizi tena, kama vile mtu anavyokuuliza hujambo akiwa amekwisha kukupita. Nami ningeweza kusema. Ningeweza kutoa kichwa nikasema, "Baba Mdogo, tuko watatu." Dada, maneno hayo hayakutoka. Nilihisi kama ninaomba kitu ambacho mtu akipewa kwa kuomba hakina ladha. Nikawa nikichota maji nasema peke yangu: jembe nimepewa, hesabu sijapewa.

Nikaanza kumkumbuka Bibi sana. Ule mtandio wake wa kijani niliubeba, nao harufu yake imeanza kuwa ya bahari. Jumatatu niliunusa nikakuta dizeli tupu. Hiyo ndiyo siku niliyoamua kukupigia.

Jumanne tuliingia kwenye mji mdogo wenye gati la mafuta. Nilikuwa nimelala nyuma ya pazia kwa sababu ya kichefuchefu. Boti ilipofungwa nikapata nafuu, nikaamka, nikajifunga mtandio. Sikutaka kuomba simu ya Baba Mdogo, maana humo ndani hata ukinong'ona unasikika. Nilitaka kutafuta duka lenye simu. Usidhani nilitoroka. Nilimwendea Baba Mdogo, kichwa chake kikiwa ndani ya injini, nikamwambia natoka kidogo, narudi sasa hivi. Akasema, "Haya." Nikalirudisha pazia vizuri kama Mama Mdogo alivyonifundisha, ili jua lisichome mito yake, nikatoka.

Mwenye duka alinipa simu. Ikaita, ikaita. Niliitazama ile karatasi ya bei ya sukari ukutani mpaka nikaikariri. Hukupokea. Nikapiga tena. Kisha nikashukuru nikarudi.

Nilipofika gatini niliwaona wametoka. Boti tatu kwa mstari, zimekwisha kuupita mdomo wa bandari: Mkunga mbele, Kinyozi nyuma, na Bado katikati. Kwenye reli ya tezi, kule nyuma, zilikuwa zinapepea soksi zangu za shule nilizofua asubuhi.

Sikulia. Nilisimama tu. Nikawaza, si wamesema wawili, na wawili wamo? Hesabu yao imetimia. Hakuna aliyekosea.

Pale gatini kuna mama mnene wa buti za mpira ambaye kazi yake ni kujaza mafuta. Shingoni amening'iniza redio kama hizo zetu, maana gati lake husikiliza boti zote. Alikuwa anakunja mpira wa mafuta. Akanitazama, akazitazama boti, akanitazama tena.

"Wewe ni wa boti ipi?" akauliza.

Swali dogo, Dada, kama la darasa la kwanza. Nikashindwa. Nilitaka kusema wa Bado, ikawa kama nitadanganya. Nikasema, "Nilikuja na ile yenye soksi."

Akatazama. "Mwanangu," akasema, "soksi zimekumbukwa, mwenye miguu je?"

Hapo ndipo machozi yalipotoka, na wakati huohuo nikacheka, sijui kipi kilianza. Yeye hakunibembeleza. Alinikalisha juu ya ndoo iliyofudikizwa, akashika redio.

Akaita boti Bado, akasema hapa gati la mafuta, mmesahau kitu. Sauti ya Baba Mdogo ikajibu kwa upole kwamba kama ni kifuniko cha tangi, anacho mkononi. Yule mama akasema, "Si kifuniko. Ni mtoto. Ana mtandio wa kijani."

Kisha nikamsikia Mkunga. Haikuwa sauti ya asubuhi. Nadhani wewe unaifahamu sauti hiyo, ile ya mkuu wa wodi anapofunua shuka na kuona jambo.

"Bado," akasema. "Mko wangapi?"

Nikajua Baba Mdogo ameshika redio na mdomo hautamki. Nilizitazama boti kule mbali nikawa naomba, na nilichoomba nakueleza waziwazi, kwa kuwa wewe ni dada yangu: niliomba asiseme wawili tena.

Aliyejibu ni Mama Mdogo. Yeye huwa haishiki redio, anasema itampiga shoti. Sauti yake ilitoka kubwa mno, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Tuko watatu. Mmoja yuko gatini. Tunageuza."

Boti zikageuka zote tatu. Sikujua kwamba zingegeuka zote. Wembe ni nyepesi, ikafika mwanzo, lakini Kinyozi hakukaribia gati. Alikaa pembeni akazima injini ili Bado ipite, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa anaongea.

Baba Mdogo huliendea gati kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Siku hiyo aliligonga. Rangi ya ubavuni ilitoka mstari mrefu, na hakuutazama. Akapanda gatini na jaketi la kuelea mkononi, akanivalisha nikiwa nchi kavu, akakaza kamba moja baada ya nyingine mpaka pumzi ikawa shida.

"Ile 'haya' niliiambia nati," akasema. "Iligoma tangu asubuhi, ikaachia. Sikuwa nakujibu wewe."

Nikamwambia sijambo, Baba Mdogo. Akatikisa kichwa akaendelea kukaza. Yule mama wa mafuta akamwuliza kama anadhani lami itanizamisha.

Baadaye nikaelewa ilivyokuwa. Mama Mdogo alikuta pazia limefungwa, akadhani nimelala, akamwambia mumewe aondoe boti taratibu asiniamshe. Kwa hiyo waliniacha kwa kunihurumia. Nilijaribu kukasirika nikashindwa. Mume wa Mkunga alisema kwamba katika kazi yake yote hajawahi kurudisha treni nyuma kwa ajili ya abiria mmoja, na kwamba leo roho yake imeridhika.

Mchana huo Mama Mdogo alikuja kukaa nami upande wa omo, na turubai mapajani. Aliitoa pini ya mwisho mdomoni, akaichomeka kwenye mto, nikajua anataka kusema. Akaniambia habari ya jina la boti. Walipooana, watu walikuwa wanawauliza kama wamepata mtoto. Kwenye harusi wanaulizwa, misibani wanaulizwa, sokoni wanaulizwa, na wao wanajibu bado. Miaka ikapita, na wale wanaouliza hawakuchoka. Ndipo siku moja Baba Mdogo, ambaye hajui kugombana, akachukua brashi akaliandika jibu kwenye boti kwa herufi kubwa, ili kila atakayekuja kuuliza alisome akiwa mbali aende zake.

Alisema walicheka sana siku hiyo. Halafu akasema kila asubuhi Mkunga alipouliza mko wangapi, kulikuwa na miaka ambayo neno wawili lilikuwa likimchoma, na miaka ambayo lilikuwa linauma kidogo, na mwisho likawa ni neno tu. Ndiyo maana Baba Mdogo hakulisikia likitoka. "Lilikufa mdomoni mwake zamani," akasema. "Wewe umekuja, sisi hatukujua kama tunaruhusiwa kukuhesabu. Una dada yako. Tulidhani umekuja kupumzika tu, kisha atakuchukua."

Unaona, Dada? Mimi nilikuwa nangoja nihesabiwe, na wao walikuwa wanangoja waruhusiwe. Tungeweza kuizunguka pwani yote hivyo hivyo, kila mmoja na adabu zake.

Nikamwuliza kama anataka nikae. Hakusema ndiyo. Alinipima mabega kwa utepe wake wa kushonea, akasema jaketi ninalovaa ni la Baba Mdogo, ni kubwa, siku ya mawimbi litanivuka kichwani, na kwamba anataka kunishonea langu lakini turubai lile ni gumu, hukaa miaka mingi, hapendi kulishona kwa mtu anayepita. Kisha akanisubiri. Nikamwambia alishone.

Asubuhi iliyofuata Mkunga akaita. Baba Mdogo akashika redio, akasema, "Wawi—" na Mama Mdogo, ambaye siku hiyo aliacha nanga ingoje, akamfinya mkono. Akasema, "Watatu, salama." Kinyozi akaingilia kwamba hakusikia vizuri, tafadhali arudie. Baba Mdogo akarudia. Kinyozi akasema upepo ni mwingi, arudie tena. Tangu siku hiyo kila asubuhi Kinyozi hasikii, na kila asubuhi Baba Mdogo anarudia, nami nadhani wote wawili hawajachoka.

Kinyozi pia alinipa kikombe. Ni kile alichokuwa akikorogea sabuni ya ndevu za wateja. Nimekisugua kwa majivu na kwa ndimu, lakini chai bado ina povu moyoni. Nakitumia hivyo hivyo. Baba Mdogo amefunga kulabu ya tatu ukutani. Ilikaa upande, akaitoa, akaifunga tena, akarudi nyuma kuitazama kama picha.

Sitaki udhani upweke umekwisha. Ningekuandikia hivyo ungejua ninakudanganya. Wakicheka habari ya ndoo bado sielewi, ingawa dereva wa treni ameahidi kunieleza. Nikimaliza kuchota maji nakumbuka kwamba Bibi hayupo wa kumwambia nimejua ngama ni nini, na kitu kinakuja kinakaa kifuani. Kuna nyakati natazama pwani inavyopita, nyumba za watu, madirisha yao, nguo zimeanikwa, na najisikia niko mbali na kila mtu, hata na wewe. Jana Mama Mdogo alinikuta hivyo. Hakuuliza kitu. Alikaa kando yangu akaendelea kushona, na tuliona nyumba nyingi.

Sasa nafika kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Dada, usiache mafunzo. Nakuomba kama mdogo wako, tena kwa heshima zote. Lile neno nililotaka kukuambia Jumanne sikulisema, na ninashukuru ulikuwa wodini unamgeuza mgonjwa wa watu. Ufunguo wa akiba bado ninao mfukoni. Siutupi, lakini leo sina mlango wa kufungua. Maliza, uvae ile sare ya kuhitimu, unitumie picha. Bibi aliuza cherehani yake ili uingie chuo kile. Isiwe mimi wa kukutoa.

Lakini ukipata likizo, njoo. Usije kunichukua, njoo ukae. Nilimwuliza Baba Mdogo ungelala wapi. Hakujibu, nikadhani hajasikia, kama kawaida. Leo baada ya chakula nimemwona anapima ile nafasi nyuma ya viti kwa mkono wake, shubiri kwa shubiri, na Mama Mdogo anatafuta kipande kilichobaki cha kitambaa cha pazia.

Nisalimie Shangazi ukipita kwake, mwambie simlaumu kwa kukosa nafasi, nyumba yake naijua ilivyojaa. Wasalimie wanawe wote, hasa yule mtundu aliyenivunjia rula. Msalimu mwenzako wa chumbani anayekoroma. Mwambie huku yupo mume wa Mkunga, wangeweza kushindana. Msalimu na yule jirani wa Bibi anayetunza paka wetu, kama umesikia habari zake.

Mungu akulinde kazini, aipe nguvu miguu yako, na kila unayemhudumia apone au apumzike kwa amani. Naye Bibi tulale tukimwombea, wewe huko na mimi huku.

Wanakunja nyavu za kivuli, Mkunga ameanza kuita, lazima niikunje meza. Leo Baba Mdogo amesema nijibu mimi. Nitasema watatu, salama, wala sitatetemeka. Lakini nimekuwa nikifanya mazoezi kimya kimya ya kusema wanne, kwa siku utakayokuja, ili Kinyozi asipate sababu ya kutosikia.

Mdogo wako asiyeacha kukupenda,

Kitinda